Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Galaksi za Redio na Kwasa

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, wa zamani na waliojiunga mwaka huu.

Mkutano mkuu uliopita ulituagiza tuache kurukaruka kutoka mada hadi mada, tushike jambo moja mwaka mzima. Kamati ikachagua galaksi za redio zenye nguvu, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota inayotoa mawimbi makali ya redio, na udugu wake na kwasa, yaani viini vya galaksi za mbali vinavyong'aa kupita kiasi. Wapo walionung'unika kwamba tunajifunza vitu ambavyo macho hayavioni. Wana haki nusu, nami nitawajibu nikifika kwenye darubini.

Tulianza na Cygnus A, chanzo kikali cha mawimbi ya redio angani. Mwaka 1953, pale Jodrell Bank, kituo cha darubini za redio Uingereza, Roger Jennison na Mrinal Das Gupta waligundua kuwa mawimbi yake ya redio yanatoka hasa kwenye mawingu mawili, moja kila upande. Mwaka 1954 Walter Baade na Rudolph Minkowski wakachapisha habari za galaksi iliyokaa katikati ya mawingu hayo, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 750. Baade aliamini kuwa ni galaksi mbili zilizogongana, hata akawekeana dau la chupa ya wiski na Minkowski. Chupa Baade aliipata, ila dhana ya mgongano haikudumu. Leo tunajua kuwa kazi hiyo yote inafanywa na shimo jeusi lenye uzito wa Jua takriban bilioni 2.5. Linavuta gesi, na sehemu ya nishati inatoka kwa mikondo miwili ya chembe zinazokimbia karibu na kasi ya mwanga. Mikondo hiyo inapokita kwenye gesi ya nje ya galaksi, ndipo mawingu ya redio yanapojaa.

Kwasa zilikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 1962 Mwezi ulipita mbele ya chanzo cha redio kiitwacho 3C 273, na Cyril Hazard na wenzake, kwa kutumia darubini ya Parkes, Australia, wakapima mahali pake kwa usahihi. Palionekana kitu mfano wa nyota ya kawaida. Mwaka 1963 Maarten Schmidt akatambua kuwa mistari ya haidrojeni katika mwanga wake imesogea upande wa nyekundu kwa asilimia 16 hivi. Kwa kuwa ulimwengu unapanuka, maana yake kitu hicho kiko mbali zaidi ya miaka ya nuru bilioni mbili, na mwanga wake unazidi ule wa galaksi nzima.

Basi tukawa na makundi mawili: galaksi zenye mawingu makubwa ya redio na kiini kisichong'aa sana, na kwasa zenye kiini kikali, nyingine zikiwa na mawingu yaleyale. Je, ni ndugu? Mwaka 1989 Mholanzi Peter Barthel alijibu kuwa ni kitu kimoja. Kiini kimezungukwa na pete nene ya vumbi. Mkondo ukielekea kwetu, ndani ya nyuzi 45 hivi, tunachungulia kiini na kukiita kwasa. Ukienda ubavuni, vumbi linakiziba nasi tunaona galaksi ya redio tu. Hesabu zilimuunga mkono. Katika orodha ya Cambridge ya vyanzo vya redio aliyoitumia, galaksi za redio zilikuwa kama mara mbili ya kwasa, na mawingu ya kwasa yalionekana mafupi, jinsi kitu kirefu kinavyoonekana kifupi kikikuelekea.

Katika kikao kimoja tuliulizwa ushahidi wa kiini kilichofichwa uko wapi. Fikirieni karabai iliyozibwa bati ubavuni: aliye upande wa bati haoni moto, ila ukungu wa juu unamrudishia mwanga wake. Mwaka 1997 mwanga wa namna hiyo, uliorudishwa na vumbi na gesi, ulipimwa katika Cygnus A, na ndani yake kulikuwa na mistari mipana ya kwasa. Kwangu mimi hapo mjadala kuhusu Cygnus A ulikwisha.

Lakini tusivuke mipaka. Si kila galaksi ya redio inaficha kwasa, kwa mfano galaksi ya M87 haifichi. Na kwasa nyingi, takriban tisa katika kila kumi, hazina nguvu kubwa ya redio. Mwaka 1974 Bernard Fanaroff na Julia Riley walikuwa wamekwisha kuzigawa galaksi hizi katika aina mbili kwa umbo na nguvu, na mgawanyo huo bado unatumika. Fanaroff, niwakumbushe vijana, ni Mwafrika Kusini. Alirudi kwao akawa mtu wa vyama vya wafanyakazi, akatumika katika serikali ya Mandela, kisha akaongoza mradi uliozaa MeerKAT, darubini ya redio ya antena 64 pale Karoo, Afrika Kusini.

Sasa usiku wa darubini. Mashuke, kundinyota la 3C 273, liko juu zaidi wakati wa masika, na masika yalitutenda kama kawaida yake. Mwezi Juni mawingu yalipoachia, tuliiona kama kinukta hafifu kwa darubini yetu kubwa. Kinukta tu, nakubali. Walionung'unika ndio waliokaa foleni mara mbili. Usiku uleule tulitazama Centaurus A, galaksi ya redio iliyo jirani kuliko zote zenye nguvu, miaka ya nuru milioni 12 hivi, na ule mkanda wake wa vumbi.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi nasema tu kuwa walio nyuma kwa ada wanajijua.

Hoja ya kamati kwa mwaka ujao ni kujenga antena mbili rahisi za kunasa mawimbi ya Cygnus A ikipita upande wa kaskazini. Hazitatuonyesha mawingu yake mawili, ila alama yake itachorwa. Upinzani ninaoujua ni wa gharama na wa kelele za umeme wa mjini, na wote una msingi. Tutapiga kura baada ya mhazini.