Kwa Nini Tunatoza Fedha Kunakili Disketi Ambazo Mjukuu Wako Angezinakili Bure

Mwezi uliopita mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alirudi dukani kwetu hapa Tanga akiwa na risiti mkononi. Alikuwa ametuletea disketi 23 za inchi 3.5, zote za miaka ya tisini, zenye mitihani na maandalio ya masomo aliyoyatunga enzi za ualimu wake, nasi tulimtoza shilingi 4,000 kwa kila disketi, jumla shilingi 92,000. Mjukuu wake alimwambia kwamba kisoma disketi cha USB hununuliwa mara moja tu, kwamba kazi yenyewe ni kuburuta faili kutoka dirisha moja hadi jingine, na kwamba disketi zote hizo hazijazi hata kona ya flashi ya GB 32. Mzee hakupaza sauti. Alisema tu, "Wanangu, hapa mmeniumiza." Maneno hayo yalitukaa moyoni, na kwa kuwa wapo wateja wengine wanaoondoka na dukuduku hilohilo bila kulisema, tumeona tueleze kwa maandishi kile kinachofanyika nyuma ya kaunta.

Hesabu ya mjukuu ni sahihi. Disketi ya kawaida hubeba MB 1.44, kwa hiyo disketi 23 hazizidi MB 34, na picha chache za simu ya leo hufikia kiasi hicho. Lakini hatutozi fedha kwa ukubwa wa mzigo. Tunatoza kwa sababu disketi iliyokaa miaka 25 kabatini, katika mji wenye joto na unyevu kama wetu, huenda ikakubali kusomwa mara moja tu, na mara hiyo moja haitakiwi kupotezwa kwa majaribio.

Ndani ya gamba la plastiki mna duara jembamba la plastiki lililopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Disketi ya MB 1.44 imegawanywa katika njia 80 za duara kila upande, na kila njia ina vipande 18 viitwavyo sekta, hivyo sekta zote za pande mbili ni 2,880. Sekta ya kwanza hueleza disketi ni ya aina gani, 18 zinazofuata ni jedwali linaloonyesha kila faili limelala wapi, likiwa limeandikwa mara mbili, na 14 baada ya hapo ni orodha ya majina. Sekta hizo 33 zote zimo katika njia ya ukingoni kabisa, kwa pande zote mbili, na ukingo huo ndio unaopitiwa na kichwa cha kusomea kila unapofungua, kuhifadhi au kufuta faili. Njia hiyo ikichubuka au ikishika ukungu, kompyuta haioni tena jina wala faili, ingawa sekta 2,847 zilizobaki zinaweza kuwa salama kabisa. Hapo ndipo Windows hukwambia kwamba diski haijafomatiwa na kukuuliza kama ungependa kuifomati sasa.

Swali hilo limewaliza watu wengi kuliko virusi vyote tulivyowahi kukutana navyo. Mama mmoja alituletea disketi moja tu, ikiwa imefungwa kwenye leso, ambayo marehemu mumewe aliandika humo historia ya ukoo wao kwa kuwahoji wazee ambao sasa wote wametangulia. Kabla ya kufika kwetu alikuwa amempa kijana wa jirani mwenye kisoma disketi cha USB, na kijana, kwa nia njema kabisa, alipoulizwa na kompyuta alikubali, akidhani ni hatua ya kawaida ya kuifungua. Fomati kamili ya disketi haifuti majina tu; huandika upya kila njia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tulipoisoma tulikuta njia zote 80 ni nzima, zinasomeka vizuri mno, na kila sekta imejaa alama ileile moja ya fomati. Maana yake ni kwamba kabla ya kubonyeza kitufe kile disketi ilikuwa na uwezekano mkubwa wa kuokolewa, pengine kwa kusafisha njia ya kwanza tu. Hatukumtoza mama yule hata senti, na hadi leo tunamkumbuka alivyoikunja tena ile leso bila disketi ndani yake.

Kosa la pili, baada ya lile la kukubali fomati, ni neno lenyewe "kuhamisha". Wateja wengi husema, "Nihamishieni mafaili," na wakiwa nyumbani hufanya hivyo kweli: hukata kwenye disketi na kubandika kwenye flashi, ili disketi ibaki tupu na waitupe. Kati ya diski mbili tofauti hakuna kuhamisha. Kompyuta hunakili kwanza, kisha hufuta nakala ya asili, na ili ifute hulazimika kuandika juu ya ileile njia ya ukingoni iliyochoka. Kwa hiyo unailazimisha disketi ya mwaka 1996 kuandikwa upya siku ambayo ina nguvu ndogo kuliko siku zote za maisha yake, na faili lililofutwa kwenye disketi haliendi kwenye pipa la taka ambalo ungeweza kulirudisha kutoka humo. Sisi hunakili tu. Disketi ikipokelewa, jambo la kwanza ni kusogeza kile kitelezi kidogo cha pembeni hadi tundu libaki wazi, maana kwa disketi za inchi 3.5 tundu likiwa wazi kisomeo hakiwezi kuandika chochote. Zile kubwa laini za inchi 5.25 ni kinyume chake: zenyewe huzibwa pengo la pembeni kwa kibandiko, na tumewahi kupokea disketi ambazo mwenyewe alibandua vibandiko hivyo akidhani ni uchafu.

Baada ya hapo tunavuta kilango cha chuma taratibu na kuuzungusha uso wa disketi mbele ya taa. Tukiona madoa meupe yaliyosambaa kama unga, huo ni ukungu, na disketi hiyo haiingii kwenye mashine kabla ya kufunguliwa na kufutwa kwa pamba isiyo na nyuzi iliyoloweshwa spiriti ya isopropili. Anayeruka hatua hii hapotezi disketi moja. Ukungu hunata kwenye kichwa cha kusomea, kichwa hukwaruza disketi inayofuata, na ile iliyokuwa nzima hutoka na mstari wa duara ambako unga wa sumaku umekwanguliwa hadi plastiki inaangaza. Ndiyo sababu tunasafisha kichwa kila baada ya disketi yenye mashaka, na ndiyo sababu disketi 23 zilichukua siku mbili badala ya saa moja.

Diski za Zip, zile nene za MB 100 zilizopendwa sana na wachapaji, zina hatari inayofanana na hiyo lakini kali zaidi. Diski yenye ukingo uliochanika huweza kupindisha vichwa vya draivu, yaani mashine ya kuisomea, na draivu yenye vichwa vilivyopinda huchana ukingo wa diski nyingine. Mchapaji mmoja alisikia draivu yake ikigonga "ta, ta, ta", akadhani diski ndiyo mbovu, akaweka ya pili, kisha ya tatu ili ahakikishe. Alitufikia na diski tatu zilizoharibika, ilhali angeacha kwenye ya kwanza tungekuwa na kazi ya diski moja. Ukisikia mlio wa kugonga wa namna hiyo ukijirudia, zima.

Disketi ikishakubalika, hatufungui faili lolote. Tunachukua picha ya disketi nzima, yaani nakala yake kamili, sekta kwa sekta, kwa programu inayoweka kumbukumbu ya kila sekta iliyokataa, ili irudi kwenye hizo peke yake bila kusugua tena zile zilizokwisha kupatikana. Disketi nzima humaliza kwa dakika moja au zaidi kidogo, lakini yenye majeraha inaweza kukaa hapo jioni nzima, na mara nyingine tunaibadilishia draivu, kwa kuwa sekta inayokataliwa na kichwa kimoja hukubaliwa na kingine chenye mpangilio ulio karibu zaidi na ule wa mashine iliyoiandika. Faili tunazitoa kwenye picha hiyo, kamwe si kwenye disketi. Kuburuta faili kwa mkono, kama alivyoshauri mjukuu, husimama kwenye kosa la kwanza, na mtu akibonyeza "jaribu tena" mara kumi kichwa hukwangua palepale mara kumi.

Kuna pia disketi ambazo kisoma cha USB hakitaziona hata zikiwa mpya. Mtafiti mmoja alituletea disketi za KB 800 zilizoandikwa kwenye kompyuta za Macintosh za miaka ya themanini. Mashine zile zilibadilisha kasi ya kuzungusha disketi kulingana na njia inayosomwa, ili njia za nje zibebe sekta nyingi zaidi, jambo ambalo kisoma cha kawaida hakilijui, na kwa kutolijua huishia kuuliza lile swali la fomati. Hizo tunazisoma kwa ubao mdogo uitwao Greaseweazle, ambao hautafuti faili bali hurekodi mapigo ya sumaku yenyewe, kisha programu huyatafsiri baadaye. Bei yake ni shilingi 10,000 kwa disketi, na hiyo hatuipunguzi.

Ombi letu ni kwamba usichambue disketi kabla ya kutuletea. Mhasibu mmoja mstaafu wa chama cha akiba na mikopo alikuwa na hesabu zilizobanwa kwa PKZIP, programu ya kupunguza ukubwa wa faili, na kugawanywa katika disketi tisa, kwa sababu hazikuenea kwenye moja. Alizitazama nyumbani, akaona ya tisa ina faili moja dogo mno, akaitupa ili apunguze gharama, akatuletea nane. Katika mpangilio ule orodha ya kila kilichomo huandikwa mwishoni, ndiyo maana programu huomba disketi ya mwisho kabla ya zote. Tulifukua faili mojamoja bila orodha kwa siku tatu, na shilingi 4,000 alizotaka kuokoa zikawa shilingi 60,000 za kazi ya ziada.

Hatumkatazi mtu kufanya kazi hii nyumbani. Kama disketi zako ni za kawaida, safi, na hazina kitu ambacho ungekililia, nunua kisoma cha USB, acha tundu wazi, nakili bila kukata, na ukiulizwa kuhusu fomati jibu hapana. Usiiache disketi ndani unapowasha kompyuta ya zamani, kwani virusi vya wakati ule, kama Michelangelo aliyepangwa kuharibu data kila tarehe 6 Machi, vilikaa kwenye sekta ya kwanza na kuingia kwa njia hiyo hasa.

Mzee wetu tulimkalisha, tukampa chai, tukamfungulia ripoti yake. Disketi 21 zilitoka nzima. Mbili zilikuwa na ukungu, na katika hizo mbili zilipotea sekta sita, ambazo ziligusa faili mbili tu, na majina yake yameandikwa kwenye ukurasa wa mwisho. Maandishi yote, yaliyokuwa ya WordPerfect 5.1, programu ya zamani ya kuandikia, tumeyageuza ili yafunguke kwenye kompyuta yake ya sasa, na ya asili tumeyaacha kando yake. Aliomba tumsomee mtihani mmoja wa Jiografia wa kidato cha pili, akausikiliza hadi swali la mwisho, akatuuliza kama disketi zenyewe bado zipo. Zipo. Tulimrudishia zote 23, kila moja na kibandiko chake chenye mwandiko wake, na matundu yote yako wazi.