Waifai ya laptopu inakatika? Pima kabla hujanunua kadi mpya

Wateja wengi wanaotuletea laptopu yenye waifai ya kukatikakatika wanafika wameshaamua: kadi ya waifai (kifaa cha ndani kinachopokea mtandao) imekufa, iwekwe nyingine. Kadi iliyokufa kwa kawaida haionekani kabisa kwenye kompyuta. Hii inayoshika na kuachia mara nyingi ni nzima, ila kuna kitu kinaibana.

Anza na simu. Kaa palepale laptopu inapokata, zima data, unganisha simu kwenye ruta ileile. Simu nayo ikikata, iache laptopu, shughulika na ruta. Simu ikipeta, endelea kusoma.

Sasa upate uhakika. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Andika ipconfig na utafute mstari wa "Default Gateway". Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Andika ping 192.168.1.1 -t, au anwani uliyoiona. Fungua dirisha la pili uandike ping 8.8.8.8 -t, ambayo ni anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Yaache dakika 10 ukiendelea na kazi zako. Dirisha la kwanza likitiririka vizuri huku la pili likisema "Request timed out", laptopu haina kosa: aidha mtoa huduma anasumbua au bando limekata. Yote mawili yakikwama kwa wakati mmoja, kinachovunjika ni njia kati ya laptopu na ruta.

Kama inakata ikiwa kwenye betri tu na ukichomeka chaja inatulia, shuku mfumo wa kubana umeme. Fungua Device Manager, ingia "Network adapters", bofya mara mbili jina la kadi, nenda "Power Management" na uondoe tiki kwenye mstari unaoruhusu kompyuta kuizima kadi. Baadhi ya laptopu mpya hazina sehemu hiyo, ruka. Kama tatizo lilianza mara tu baada ya Windows kujisasisha, rudisha draiva (programu inayoendesha kadi) ya zamani, au pakua inayofaa kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu. Kupiga Windows upya kwa ajili ya waifai peke yake tunakuona ni pupa.

Halafu kuna hewa yenyewe. Kwenye nyumba za kupanga zilizobanana, ruta za majirani zote zinagombania bendi ya GHz 2.4, na humo chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ukiweza, hamia GHz 5, ingawa kuta za tofali zinaichosha haraka zaidi. Jambo ambalo wengi hawalitegemei: diski ya nje au fleshi ya USB 3.0 ikichomekwa karibu na antena hutoa kelele kwenye GHz 2.4 hiyohiyo. Ichomoe, uone kama waifai inarudi.

Tukija kwenye ugonjwa unaotupa kazi zaidi: antena. Antena za laptopu nyingi zimejificha pembeni mwa kioo. Kutoka hapo waya mbili nyembamba, mara nyingi nyeusi na nyeupe, hupita kwenye bawaba hadi kwenye kadi. Kioo kikibadilishwa kwa haraka, waya hubanwa, hukatika, au husahaulika bila kurudishwa. Dalili yake ni moja: waifai ni nzuri ukiikumbatia ruta, ukihamia chumba cha pili inapotea. Kwenye cmd andika netsh wlan show interfaces ukiwa mita 2 kutoka kwenye ruta, usome mstari wa "Signal". Tunategemea asilimia 90 au karibu na hapo. Ukiona 45, au namba ikirukaruka unapokunja na kukunjua kioo taratibu, waya ndiyo mgonjwa.

Ukifungua mwenyewe, zima kabisa na uchomoe betri kwanza. Usivute waya, inua kichwa chake kwa plastiki nyembamba, na kukirudisha kilenge wima, ukibonyeze hadi kilie tik. Vichwa hivi vimetengenezwa kuchomolewa mara 20 hadi 30 tu, kwa hiyo usivichezee.

Kadi ikibidi kubadilishwa, angalia mambo mawili. Baadhi ya laptopu nyembamba kadi yake imechomelewa kwenye bodi, na hapo suluhisho la bei nafuu ni adapta ya USB. Na baadhi ya HP na Lenovo za zamani zina BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) inayokataa kadi isiyo kwenye orodha yake. Mashine inagoma kuwaka mpaka uitoe.

Ukituletea, fungua cmd kama msimamizi, andika netsh wlan show wlanreport, na uje na faili litakalotoka. Lina kumbukumbu za siku 3, saa na sababu ya kila mkato. Chaja pia usiisahau.