Homoni haitaokoa mizabibu na sakitu ya Juni

Mhariri,

Mkulima wa Njombe, Makete au Mufindi anayetaka kununua dawa ya homoni ili mizabibu yake ihimili sakitu (baridi inayogandisha umande), naomba kwanza asome haya.

Homoni hiyo ni asidi ya absisiki, ambayo mmea huitengeneza wenyewe ukibanwa na ukame au baridi. Marekani imejaribiwa kwa kupulizwa kwenye majani, miligramu 400 hadi 600 kwa lita ya maji, zabibu zikishaanza kubadili rangi. Majani hupukutika mapema, macho (vifundo vya tawi vinavyotoa machipukizi) hulala usingizi mzito, na baridi kali ikifika huwa yamekomaa. Inafanya kazi, lakini kwa jicho lililolala. Kwetu mzabibu haulali hivyo. Ukiupogoa Mei, sakitu ya Juni au Julai inakuta machipukizi mabichi, na chipukizi bichi hufa kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Hapo homoni haina la kukinga.

Kinachookoa ni tarehe ya kupogoa. Subiri mwisho wa Agosti, macho yafumuke sakitu ikiwa imepita. Dawa ya kuamsha macho usiipake kabla ya hapo, wala usiweke mbolea ya urea kuanzia Aprili, maana huleta matawi laini yasiyokomaa.

Shamba nalo lina neno. Hewa baridi hutiririka kama maji, hukusanyika bondeni. Panda kwenye mteremko, na kama chini kuna ua wa miti, fungua mwanya ipite. Juni ondoa matandazo ya nyasi na magugu chini ya mizabibu (ndiyo, matandazo yaleyale tunayoyasifu kiangazi), kwa sababu yanazuia joto la udongo lisipande usiku. Mchana kabla ya usiku usio na mawingu wala upepo, mwagilia: udongo wenye unyevu hubeba joto zaidi kuliko mkavu. Moshi wa matairi hausaidii. Hauzuii joto kupotea, unaumiza mapafu tu.

Sakitu ikishapiga, usikimbilie mkasi. Kila jicho la mzabibu lina vichipukizi vya akiba pembeni ya kile kikuu. Ngoja wiki mbili au tatu uone kipi kinachomoza, ndipo ukate kilichokufa. Cha akiba huzaa vishada vichache, lakini huujenga upya mti kwa msimu unaofuata.

Mdau wa kilimo,
Njombe