Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Wazee wetu, ndugu wanachama, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya kamati nawasilisha taarifa ya mwaka wa tatu tangu sisi Waswahili wa London tulipoanza kukutana kusoma maisha ya kazi ya wapiga chapa wa Uingereza wa zamani, yaani kuanzia mwaka 1476, William Caxton, mpiga chapa wa kwanza wa Uingereza, alipofungua kiwanda chake Westminster, hadi 1695, sheria ya leseni za chapa ilipokoma. Mikutano ilikuwa minne. Tulizuru kanisa la St Bride, Fleet Street, alikozikwa Wynkyn de Worde, aliyerithi kiwanda cha Caxton, na tukasoma hati ya kifalme ya 1557 iliyowapa Stationers' Company, yaani chama cha wapiga chapa na wauza vitabu wa London, mamlaka juu ya kazi ya chapa. Hayo mnayajua, na kumbukumbu za katibu zinajitosheleza.

Naomba sasa niingie kwenye suala la Antwerp, kwa kuwa limesemwa sana pembeni na kwenye kundi letu la simu, ambako mjumbe mmoja aliandika kwamba mwenyekiti amekwenda kulia pilau yetu Ubelgiji. Ni kweli kwamba kamati iliahirisha karamu ya Agosti na kuzielekeza fedha zake kwenye safari ya watu tisa kwenda jumba la makumbusho la Plantin-Moretus huko Antwerp, Ubelgiji, lililokuwa zamani kiwanda cha chapa. Ni kweli pia kwamba nilikuwa miongoni mwa hao tisa, ingawa nauli yangu niliilipa mwenyewe, na stakabadhi ninayo hapa kwa atakayetaka kuiona.

Hoja ya kwanza iliyotolewa ni kwamba chama kinachosoma wapiga chapa wa Uingereza hakikuwa na sababu ya kuvuka bahari. Mwenye hoja hiyo amesahau kwamba Caxton mwenyewe alijifunza ufundi huu Cologne, akapiga chapa kitabu cha kwanza cha Kiingereza akiwa Bruges, ndipo akarudi kwao, na kwamba kwa muda mrefu karatasi za viwanda vya London zilitoka ng'ambo, hasa Ufaransa. Mitambo miwili ya mbao iliyo mikongwe kuliko yote iliyobaki duniani, ya mwaka 1600 hivi, iko Antwerp, na fundi wa London wa wakati ule angeitambua mara moja.

Hoja ya pili ni kwamba yote hayo yamo vitabuni. Mimi nilipanga herufi kwa mkono Dar es Salaam kabla ya kompyuta kuingia, kwa hiyo naomba niaminiwe ninaposema kuwa kitabu hakitoshi. Joseph Moxon, mpiga chapa wa London aliyeandika juu ya kazi hii mwaka 1683, anatuambia kwamba mtambo wenye watu wawili ulihesabiwa kutoa karatasi 250 kwa saa, upande mmoja. Ukisoma haraka unaona ni tarakimu tu. Lakini ukisimama mbele ya mtambo wenyewe, ukaona ulivyofungwa kwa magogo hadi darini ili usihame ukivutwa, na ukaona kwamba bamba linalokandamiza ni dogo, halifuniki ila nusu ya kurasa zilizopangwa, unaelewa kwamba kila karatasi ilivutwa mara mbili. Hiyo ni mivuto 500 kwa saa, mkono uleule, mguu uleule ukikanyaga palepale, huku mwenzake akipaka wino kwa mipira miwili ya ngozi bila kupumzika. Wote tisa tulinyamaza kwa muda pale, na mimi siijutii hata senti moja ya safari ile.

Jambo ambalo halikutajwa na wakosoaji ni kwamba tuliporudi niliandaa onyesho la wino kwa gharama zangu. Mipira niliishona mwenyewe kwa ngozi ya kondoo, nikaijaza sufi. Wino nikaupika kwa mafuta ya kitani na masizi. Karatasi nikazilowesha tangu jana yake, kama walivyofanya wao, kwa sababu karatasi kavu haishiki wino vizuri. Mafundi wa zamani waliilowesha ngozi usiku kucha kwenye mkojo ili ibaki laini. Hapo, ndugu zangu, nilitumia maji. Mkizungusha mpira mmoja juu ya mwenzake, wino ukisambaa sawasawa ngozi zinaachana kwa mlio mdogo wa kunata, na ukiusikia unajua uko tayari. Waliousikia ni watu saba.

Mahudhurio hayo yananisikitisha. Mada niliyoihangaikia miezi miwili, juu ya kanuni ya 1587 iliyokataza kwa vitabu vingi kutoa nakala zaidi ya 1,250 au 1,500 kwa herufi zilizopangwa mara moja, ili mpanga herufi apate kazi upya, ilisikilizwa na watu watano, mmoja wao akiwa amekuja kumchukua mkewe. Mkutano wa Juni, tuliotaka kumzungumzia John Twyn, aliyenyongwa mwaka 1664 kwa kupiga chapa maandishi ya uasi, haukutimiza akidi.

Kuhusu fedha: tulianza na pauni 1,310, ada zikaingiza 300, safari ikachukua 1,140, ukumbi 260, na salio ni 210. Wanachama ni 38, waliolipa ada ya pauni 20 ni 15, hivyo tunadai pauni 460. Fedha hizo zingetosha karamu, na wanaoililia zaidi, nasema kwa heshima, wengi wao wamo kwenye orodha ya wadaiwa.

Kwa mujibu wa Moxon, mafundi wa kila kiwanda walikuwa na umoja wao, na fundi mgeni alilipa shilingi mbili na nusu siku ya kuingia. Aliyegombana, aliyetukana, aliyeacha mshumaa ukiwaka usiku, alitozwa faini. Aliyegoma kulipa alilazwa kifudifudi juu ya jiwe la kusahihishia kurasa akachapwa mapigo kumi na moja ya makalio. Kamati haipendekezi utaratibu huo, ingawa mweka hazina ameuliza mara mbili. Nikumbushe pia kwamba karamu yao, iliyofanyika karibu na sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, Agosti 24, ilitolewa na bwana wa kiwanda na ilifungua msimu wa kufanya kazi kwa mishumaa. Haikuwa mapumziko, baada yake saa za kazi ziliongezeka.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuwaangalia wanagenzi, waliofungwa kwa bwana wao si chini ya miaka saba, na pengine wajane walioendesha viwanda baada ya waume zao. Karamu nayo inaweza kurudi, hali ikiruhusu.

Mweka hazina ameketi karibu na mlango akiwa na kitabu cha stakabadhi, na chai itatolewa upande wake wa pili.