Moyo uko kwenye liturujia, imani imehamia kwenye maji mengi

Ndugu mshauri, Bwana asifiwe.

Nimelelewa katika Ulutheri. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara, na hadi leo tukianza kuikiri Imani ya Nikea mwili hunisisimka: mzizi wake ni wa mwaka 325, nami naitamka pamoja na usharika mzima. Ungamo la dhambi, ukimya, kisha tangazo la ondoleo. Hapo ndipo ninapojua kusali.

Lakini kwa miaka miwili nimekuwa nikisoma Matendo ya Mitume polepole, na kila nikirudia naona mtu anaamini, ndipo anashuka majini, kama yule towashi wa Kushi. Mchungaji wangu alinikumbusha nyumba ya Lidia na ya mlinzi wa gereza, waliobatizwa wote pamoja, pengine na watoto wao. Nilimsikiliza kwa heshima. Hoja hiyo haikunituliza.

Nimeanza kwenda kanisa la Kibaptisti lililo karibu nami. Mafundisho yao nayaafiki karibu yote, ila ibada ni vyombo na sauti mwanzo hadi mwisho, kila mtu anaomba kwa wakati mmoja. Sisemi wanakosea, nimeona watu pale wakitubu kwa machozi. Mimi natoka sijasali. Tena Meza ya Bwana kwao ni ukumbusho, wakati mimi bado naamini Kristo yumo kweli katika mkate na divai. Mwaka 1529 pale Marburg, Ujerumani, wanamatengenezo Luther na Zwingli walikubaliana hoja 14 kati ya 15, wakaachana kwa Meza hiyohiyo. Mimi nivumilie tofauti ipi, niikatae ipi?

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba ili niwe mshirika, sharti nizamishwe. Maana yake nikiri kuwa siku ile mama aliponibeba hadi kwenye maji, sikubatizwa. Bado sijathubutu kumwambia.

Na mke wangu ni mjamzito. Anataka mtoto abatizwe kama sisi tulivyobatizwa. Jumapili iliyopita aliletwa mtoto wa wenzetu abatizwe, usharika ukaulizwa kama utamlea katika imani. Wote wakajibu. Mimi nilinyamaza, mke wangu akanitazama.

Je, naweza kubaki mahali ninapoweza kusali huku siamini ubatizo wao? Na nianze kuzungumza na nani, mke wangu au mchungaji? Zimebaki wiki sita.

Msomaji wenu