Shukrani kwa mzee wangu wa Old Moshi

Baba, shikamoo. Uliniomba nisikutaje jina, nami nimetii, ila kunyamaza nimeshindwa.

Mimi nimelelewa Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, majirani wa kila kabila. Toba niliyofundishwa ni ya mtu na Mungu wake: unafunga mlango, unaungama, yamekwisha. Nikaja kuinjilisha huku mlimani Kilimanjaro na moyo huo huo. Ndugu wawili walipogombania mpaka wa kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, nilimwombea kila mmoja kivyake. Wewe ukasema tungoje ukoo ukutane. Siku ilipofika ulichuma uani jani la isale, mmea ambao kwa Wachaga ni ishara ya kuomba msamaha na amani, ukalipiga fundo, ukampa mkubwa. Akalipeleka kwa mikono miwili, mdogo wake akalipokea. Ndipo ukanigeukia: "Sasa omba, Mwinjilisti." Niliomba huku wake zao wakilia waziwazi.

Jioni ile ukanisimulia habari za Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani wa misheni ya Leipzig aliyefika Uchagani mwaka 1902, aliyeona ukoo, ujirani na rika kuwa karama za Mungu za kujengea kanisa. Sikubaliani naye kwa yote, maana binti anayeonewa na ukoo wake naye anahitaji kanisa la kumkingia kifua. Lakini tangu hapo, nikiitwa kwenye ugomvi, nauliza kwanza nani mwingine ameumia.

Malezi yako yameongeza macho kwenye huduma yangu. Aika sana, baba. Na mama umfikishie shukrani zangu, amenilisha kama mwanawe.