Siku ya baharini katika safari ya baridi si siku ya kulala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nisahihishe jambo ambalo kurasa za safari hulirudia kila msimu: kwamba siku ambazo meli ya kitalii haitii nanga ni siku za kupumzisha miguu, kuchelewa kuamka na kungoja chakula cha mchana. Ushauri huo unafaa kwenye visiwa vya joto, ambako cha kuonwa kiko nchi kavu. Kwa anayekwenda Alaska, Norwei au Antaktika ni ushauri wa hasara. Huko siku isiyo na bandari mara nyingi ndiyo siku kubwa ya safari nzima, na inampita mtu akiwa amejifunika blanketi.

Kwanza tuzitenganishe siku mbili ambazo ratiba huziita kwa jina moja. Ipo siku ya bahari wazi, maji matupu pande zote. Na ipo siku ya mandhari, meli inapoingia kwenye ghuba au hori nyembamba kwa mwendo wa pole, ikasimama mbele ya mto wa barafu, kisha ikageuza. Safari ya siku 7 inayoanzia na kuishia Seattle kwa kawaida huwa nazo zote mbili: siku ya kwanza baada ya kung'oa nanga ni bahari wazi kuelekea kaskazini, na baadaye katika wiki kuna siku ya Glacier Bay, Hubbard au Endicott Arm, sehemu za Alaska zenye mito ya barafu inayofika baharini. Ile ya kwanza itumike kuiandalia hii ya pili.

Maandalizi yaanze na darubini. Ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha kabisa. Ya kukuza mara 10 huvutia dukani, lakini juu ya sitaha inayotikisika hukuza na mtetemo wa mikono vilevile, na eneo inaloonyesha ni finyu, kwa hiyo nyangumi anatokea na kuzama wewe ukiwa bado unamtafuta. Irekebishe siku ya bahari wazi, usingoje siku yenyewe. Ziba lenzi ya kulia kwa kiganja, tazama kitu cha mbali kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati hadi kionekane wazi. Kisha ziba ya kushoto, na safari hii usiguse gurudumu. Zungusha ile pete ya kwenye kioo cha jicho la kulia mpaka kitu kilekile kitulie. Kariri alama ya pete ilipofika. Anayevaa miwani ashushe vikombe vya mpira vilivyo kwenye vioo vya macho, la sivyo ataona duara dogo tu katikati ya giza. Na kila mtu awe na yake. Darubini moja ya familia huzaa ugomvi, na mkia wa nyangumi haungoji zamu.

Nguo nazo zijaribiwe siku hiyohiyo, kwa sababu wengi hudanganywa na kipimajoto. Meli ikienda noti 20, hizo ni karibu kilomita 37 kwa saa, na hata kama hewa imetulia tuli, aliyesimama omo, mbele ya meli, anapigwa na upepo wa kasi hiyo. Nyuzi joto 5 kwa upepo huo mwili huzihisi kama chini kidogo ya sifuri. Vaa fulana ya sufu laini au ya kitambaa cha michezo karibu na ngozi, juu yake sweta nene, juu kabisa koti lisilopenya upepo wala maji. Pamba iache kabatini: ikishika jasho au manyunyu haikauki, na unyevu huo hunyonya joto la mwili. Kosa lingine la kila safari ni kuvaa soksi nene mbili ndani ya kiatu kilekile. Kiatu kinabana, damu haipiti sawasawa, na vidole vinaganda kuliko vya aliyevaa moja. Glavu ndizo ziwe mbili: nyembamba ya kubonyezea kamera, na kubwa ya kuvaa juu yake.

Kuhusu kichefuchefu cha bahari, nasisitiza wakati. Dawa imezwe kabla ya mawimbi; tumbo likishaanza kutapika, kidonge hakikai. Meclizine humezwa saa moja kabla na huweza kuleta usingizi. Plasta ya hyoscine hubandikwa nyuma ya sikio angalau saa nne kabla na hukaa hadi siku tatu. Ukishaigusa nawa mikono kwa sabuni, maana ukijipangusa jicho kwa kidole hichohicho mboni itapanuka na utaona ukungu. Wenye shinikizo la jicho wasiitumie, na yeyote anayemeza dawa nyingine amuulize daktari kabla ya safari. Bila dawa kuna mambo matatu yanayosaidia kweli: kukaa katikati ya meli kwenye sitaha za chini, ambako mwendo ni mdogo kuliko omo na tezi (nyuma ya meli), kutazama upeo wa macho badala ya simu, na kula kidogo kidogo vitu vikavu. Njia za ndani kati ya visiwa vya Alaska kwa kawaida ni shwari. Ghuba ya Alaska iko wazi kwa mawimbi ya Pasifiki. Mlango wa Drake, bahari ambayo meli za Antaktika huivuka, wenye upana wa karibu kilomita 800 kati ya Pembe ya Amerika Kusini na visiwa vya South Shetland, huchukua takriban siku mbili kuuvuka, na kurudi vilevile.

Sasa siku ya mandhari yenyewe. Nachukua Glacier Bay kwa mfano, kwani hapo ndipo usingizi wa asubuhi unapogharimu zaidi. Hifadhi hiyo huruhusu meli kubwa za kitalii zisizozidi mbili kwa siku. Asubuhi wahifadhi hupanda melini kutoka mashua yao, na kutwa nzima hueleza kupitia vipaza sauti na kujibu maswali ana kwa ana. Watu hudhani tukio litaanza barafu itakapoonekana, wakati lilikwisha kuanza mlangoni mwa ghuba. Mwaka 1794, mabaharia wa msafara wa mvumbuzi Mwingereza George Vancouver walipopita, barafu ilikuwa imeziba karibu ghuba yote. Mwanamazingira John Muir alipofika mwaka 1879 ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya kilomita 60, na leo meli huenda kama kilomita 105 kutoka mlangoni hadi mwisho wa hori. Basi mlimani unaweza kusoma tarehe. Mlangoni, ambako ardhi ilifunuliwa zamani, misonobari ni mirefu na imefungamana. Kadiri unavyoingia ndani miti inapungua kimo, inabaki vichaka, kisha kuvu na majani machache ya kutambaa, na mwisho mwamba mtupu wenye mikwaruzo mirefu iliyochorwa na barafu ilipokuwa ikiburura mawe. Hiyo ni zaidi ya miaka 200 ya udongo kuumbika, imepangwa kwa utaratibu kando ya meli, na anayeamka saa nne anaikuta imekwisha.

Njiani usitafute mnyama. Tafuta kisichofanana na kingine. Tai mwenye kichwa cheupe huonekana kama yai lililotundikwa kwenye mti wa kijani. Fisimaji wa baharini ni gogo lenye miguu, kwa sababu huelea chali. Nyangumi wa nundu hujitangaza kwa mvuke unaopanda kama nguzo ya mita tatu hivi. Hupumua mara kadhaa karibu karibu, kisha mgongo hujikunja na mkia wote huinuka: hapo amezama kwa kina, na huenda ikapita dakika tano au zaidi kabla hajarudi. Picha ya mkia hupatikana kwa anayeona mgongo ukijikunja na kubonyeza hapohapo. Tahadhari moja kwa sisi tunaohesabu saa Kiswahili: mtangazaji akitaja mwelekeo kwa saa za Kiingereza, usizigeuze kichwani. Ulaze uso wa saa juu ya meli, namba 12 iwe omo. Namba 3 ni kulia, 6 ni tezi, 9 ni kushoto. Akisema tatu ukatafsiri kuwa tisa, utakuwa unatazama upande wa pili kabisa wa meli.

Mbele ya Margerie, mto wa barafu wenye upana wa kama kilomita 1.6 na ukuta unaosimama takriban mita 76 juu ya maji, meli hukaa karibu saa moja na nahodha huizungusha taratibu ili kila upande upate zamu. Hakuna haja ya kusukumana. Chagua mahali pa demani, upande usiopigwa na upepo, na utulie hapo. Ukuta utauona uko karibu na ni mfupi, kwa kuwa hakuna mti wala nyumba ya kulinganisha. Tafuta shakwe wanaoruka mbele yake, vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, ndipo ukubwa utakapokuingia.

Kuanguka kwa barafu ndiko kila mtu anakokungoja na wengi wanakokukosa, na sababu ni sauti. Mlio husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ukigeuka kwa kusikia ngurumo, kipande kimeshafika majini na unapiga picha ya povu. Kwa hiyo masikio yasikuongoze. Chagua sehemu moja ya ukuta na uikodolee macho: penye vipande vidogo vinavyodondoka tena na tena, penye ufa mweusi unaoshuka wima, au pale maji yalipokula chini, ukuta ukabaki umening'inia. Vumbi la barafu likianza kumwagika kama unga, nguzo nzima huweza kufuata. Video ni salama kuliko picha: washa, elekeza hapo, iache irekodi dakika kadhaa, na kama hakuna kitu uifute. Usiegemeze viwiko kwenye chuma cha ukingo, maana mtetemo wa injini hupitia humo hadi kwenye kamera.

Rangi ya bluu iliyo kwenye nyufa haitokani na anga. Barafu iliyoshindiliwa kwa miaka mingi imebanwa mapovu yake ya hewa, na mwanga unapopenya ndani yake wekundu hunyonywa, bluu ikarudi machoni. Mawingu basi yasikuvunje moyo: mng'aro wa jua ukipungua, bluu huonekana vizuri zaidi. Kamera hudanganyika na weupe mwingi na kuifanya barafu ya kijivu; ongeza mwanga kwa theluthi mbili za hatua hadi hatua moja (+0.7 hadi +1 kwenye kamera), au kwenye simu gusa barafu kisha sogeza alama ya jua juu kidogo.

Baridi huiba nguvu za betri, kwa hiyo ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Hatari kubwa zaidi iko wakati wa kurudi ndani. Kifaa baridi kikiingia chumba chenye joto na unyevu hufunikwa na umande, juu ya lenzi na hata ndani yake. Ukiwa bado nje, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, kamua hewa, funga, ndipo uingie. Iache ndani ya mfuko saa moja au mbili hadi ilingane na joto la chumba. Umande utashika nje ya plastiki. Toa kadi ya picha kabla ya kufunga, kama una haraka ya kuziangalia.

Chakula kipangwe kwa ratiba ya barafu. Karatasi ya matukio huletwa chumbani jioni iliyotangulia. Tazama saa ya kufika, kula saa moja na nusu kabla yake, ukumbi ukiwa mtupu, na beba kinywaji cha moto kwenye chupa yenye kifuniko. Vikombe na tishu za karatasi ziachwe ndani, kwani upepo wa sitahani huzipeleka moja kwa moja majini. Bwawa lenye paa, maji ya moto, michezo na maonyesho yote yatakuwepo alasiri, meli ikishageuza.

Hubbard ni habari nyingine. Mto huo wa barafu una urefu wa kilomita 122 na uso wa karibu kilomita 10, na mwaka 1986 na tena 2002 ulisogea hadi ukaziba kwa muda hori iliyo jirani, Russell Fjord. Meli itakaribia kiasi gani, huamuliwa na nahodha kutokana na ukungu na vipande vinavyoelea, kwa hiyo darubini hapo ina kazi kubwa kuliko kamera.

Wanaokwenda Antaktika wana kazi ya lazima siku za Drake: kusafisha nguo na mabegi ya kushukia nchi kavu. Mbegu za majani hujificha kwenye vishikizo vya kunasa (velcro), mikunjo ya mifuko na nyayo za buti. Anza na sindano au kibano, ndipo utumie mashine ya kufyonza vumbi. Mashine peke yake huacha mbegu zilizonasa.

Na usiku wa kuanzia mwishoni mwa Agosti huko Alaska, au Septemba hadi Machi kaskazini mwa Norwei, siku ya baharini haiishi na chakula cha jioni. Uliza mapokezi kama hutoa taarifa mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi angani usiku, ikionekana. Zima taa za chumba, toka upande wenye giza, na yape macho dakika 20 bila kutazama simu. Kwa macho mianga hafifu ni kama wingu la kijivu. Ukiona wingu ambalo nyota zinapenya, piga picha ya sekunde moja au mbili. Ikitoka ya kijani, waamshe wenzako.

Msomaji wako